Aliyenipa Hadithi ya Chungu

Siku hizi napika kikombe kimoja cha mchele, kile kikombe cha bati chenye mkono uliovunjika, na bado kinabaki. Kinachobaki nawapa kuku wa jirani asubuhi. Wangu niliacha kufuga, maana kuku anataka mtu wa kumfukuza na mtu wa kumtafuta, na miguu yangu imekataa kazi zote mbili. Nyumba yangu iko Kasongo, upande wa barabara inayokwenda Kabambare. Zamani tulilala humu watu tisa. Naweza kuwataja wote, na nani alilala ukutani, na nani alivuta blanketi.

Majina ndiyo shule yangu. Ile shule yenyewe nilisoma miaka mitatu kwa masista, kisha nikatolewa nikalee wadogo zangu. Herufi nazijua, ila nikiziandika zinalala upande kama nyasi baada ya mvua. Lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki tena. Nakumbuka hata la yule mwanamke wa Nyangwe aliyepita kwetu mara moja tu akiuza samaki wakavu, akaomba maji, akaenda zake. Pamoja na hayo, humu hutaona jina. Kwetu jina la aliyetoa kitu linasemwa linapoulizwa, halimwagwi ovyo. Anayelitaka aje aniulize. Niko.

Nilikuwa na rafiki. Yeye alitoka katika zile familia za Waislamu wa mjini, mimi wa kanisani, na mashamba yetu ya mpunga yalipakana. Mpunga ukianza kujaa, ndege wanashuka kama mvua ya mchanga. Kwa hiyo tulijenga dungu moja kati ya mashamba mawili, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, tukawa tunakaa humo toka alfajiri hadi jua linapozama, tunavuta kamba zenye makopo, tunapiga kelele. Ukikaa wiki sita juu ya dungu na mtu mmoja, utamjua kuliko mumeo. Mimi nilijua alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo la kuumiza. Yeye alijua kwamba nikinyamaza nimeudhika, akawa ananiacha mpaka ninyamaze vya kutosha.

Hakuzaa. Mumewe alioa mwingine, akamrudisha kwao na godoro lake na masufuria mawili. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Huyo alikua, akaenda Kabambare kufungua duka. Basi. Watu wake wote walikuwa hao: mdogo wake na mimi.

Juu ya dungu tulisimuliana hadithi mchana kweupe, maana ndege nao huja mchana. Wanawake wa madungu ya jirani walikuja na watoto wao wakasikiliza. Na sisi wa mashamba yale tulikuwa na utaratibu wetu. Mtu akitaka kusimulia, anakaa sawa, ananyamaza. Wasikilizaji ndio wanaanza. Wanamwuliza, "Umepewa na nani?" Naye anataja aliyempa hadithi, na aliyempa huyo, na aliyempa huyo mwingine, mpaka pale anapofika. Asiyejua alipewa na nani, tulimpigia makopo kama ndege. Na mtu hakujitajia kabla ya kuulizwa. Ilikuwa kama kuvamia sahani ambayo hujakaribishwa.

Hadithi ya chungu aliitunga yeye mwenyewe, mwaka ule aliorudishwa kwao. Siku ya kwanza tulipomwuliza amepewa na nani, alikohoa, akasema, "Hii sikupewa. Hii nimeitoa mimi." Wanawake wakacheka, mmoja akamwambia basi afunge mlango, itamtoroka. Akasimulia.

Mwanamke mmoja alikuwa anaishi peke yake. Akateleka mchele juu ya mafiga matatu, akachochea kuni mpaka zikaisha, maji hayakupata hata moto wa kuoshea mtoto. Chungu kikasema, "Nani hajafika?" Akajibu, "Hakuna wa kufika, niko peke yangu." Chungu kikanyamaza, baridi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu njaa ikamtoa aibu, akatoka njiani akaanza kuita wapita njia kwa majina. Hapo msimulizi anageuka, anaita majina ya waliokaa mbele yake, watoto kwa wakubwa, na kila anayeitwa lazima aitike: "Nimefika." Kisha aseme ameleta nini. Nimefika na chumvi. Nimefika na mawese. Kila anayefika, chungu kinapata moto kidogo. Ua likajaa watu. Lakini bado chungu kinauliza, "Nani hajafika?" Watu wanatazamana. Kumbe ni yeye mwenyewe mwanamke, alikuwa bado kasimama kule njiani. Ndipo anajitaja jina lake, anasema, "Nimefika," na chungu kinachemka.

Jina la mwisho ni la msimulizi. Yeye alipoisimulia, lilikuwa lake. Nami aliponipa niisimulie, likawa langu, kwa sababu hadithi inataka hivyo. Lake likabaki kule mwanzoni, kwenye lile swali.

Alikufa kabla ya kuvuna, ugonjwa wa tumbo wa siku nne. Siku ya tatu nilimpelekea uji, akakataa, akaniambia kitu ambacho nimekibeba hadi leo. "Mimi sina mutoto wa kuitwa jina langu," alisema. "Wewe simulia ile ya chungu kwa kila mutu. Usimunyime mutu. Lakini wakuulize, uwaambie ni mimi." Nikasema nitafanya. Nilivuna mashamba yote mawili mwaka ule, nikasimulia, nikaulizwa, nikamtaja. Miaka na miaka. Kisha wenye kuuliza wakaanza kufa. Watoto wakaenda Kindu, wengine mbali zaidi. Shamba likawa la watu wengine. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima na hadithi kinywani hajaulizwa.

Ndipo akaja mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, mwalimu wa shule hapa Kasongo. Alikuja na telefone, akasema, "Bibi, watoto shuleni hawana vitabu vya Kiswahili chetu. Nitakurekodi, nitaandika, nitaweka kwenye intaneti kila mutu asome." Nikafurahi, sitadanganya. Nilivaa kitenge kizuri kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa na macho, au kama yalikuwepo sikuyaona.

Akaniweka kwenye kiti, akasimamisha telefone juu ya kinu. Nikakaa sawa. Nikanyamaza. Nikangoja.

Mjukuu akanionyesha kwa mkono, anza. Nikangoja tena. Akapunga mkono tena, akitabasamu, akidhani bibi yake anaogopa chombo. Nami nilikuwa nangoja kuulizwa. Nilitazama ile telefone juu ya kinu, nayo ikanitazama. Nikaanza. Nikasimulia yote, nikaita majina ya watoto wa zamani maana hapakuwa na watoto pale, na mwisho chungu kilipouliza, nikajitaja mimi, nikasema nimefika.

Baadaye akanieleza mambo ya ruhusa. Alinisomea polepole, ananigeuzia kutoka Kifaransa. Kazi ya mtu ina mwenyewe, akasema, hata ikiwa kwenye intaneti. Haichukuliwi tu kwa sababu inaonekana. Lakini mwenyewe anaweza kuifungua. Anaweza kusema: nakilini, chapeni, tafsirini, badilisheni, ila mtaje jina langu na mseme mlichobadilisha. Akasema ziko ruhusa nyingine zinazokataza kubadilisha, na nyingine zinazokataza kuuza. Nichague ipi? Nikamwuliza, wakikatazwa kubadilisha, mtoto wa Kabambare atatiaje jina lake kwenye chungu? Akacheka. Nikamwambia afungue mlango wote, bora wataje. Nilimwambia hata hivi: hao watu wa intaneti wamesoma kwenye dungu letu. Yaani nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na bado sikuona. Mwenye kazi nani, hakuniuliza. Sauti ilikuwa yangu, na jina la mwisho langu. Akaliandika hilo.

Mwaka uliofuata alimfuata mumewe Kindu. Nikabaki na telefone ndogo aliyoniachia.

Safari ya Kabambare ilikuwa ya msiba. Mke wa marehemu kaka yangu alifariki, na upande wetu hakuna mkubwa aliyebaki isipokuwa mimi. Nilipanda pikipiki, motari, yule mwendeshaji, akanifunga nyuma yake kwa kitenge kama mtoto, tukalala njiani kijiji kimoja kwa sababu ya matope. Siku ya tatu ya msiba nilikuwa nimekaa nje, uso umenivimba. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza uani, na mmoja, msichana wa miaka minane hivi, akasimama mbele ya wenzake akauliza, "Nani hajafika?"

Nilidhani ni kilio kimeniharibu masikio. Wakaitana, wakaitika, nimefika na maharage, nimefika na sabuni, wakacheka kwa sababu sabuni haiingii chunguni. Nikamwita yule msichana. Nikamwuliza, "Umepewa na nani?" Akaniangalia tu. Hakujua kwamba hilo ni swali. Akasema, "Ni ya kitabu," akakimbia akaniletea.

Kilikuwa cha fotokopi, kimebanwa kwa pini mbili. Mwalimu wa pale aliikuta kwenye intaneti, akaichapa, na maitikio yake akayaweka pia kwa Kibangubangu, lugha ya kule. Alikuwa ameandika vizuri kwamba ameongeza Kibangubangu. Alifanya yote kama alivyoambiwa. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, mtunzi: jina langu. Nililitazama lile jina. Nimeishi nalo miaka yote hii, na siku ile ndipo liliponitia aibu.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la yule mdogo wake rafiki yangu. Nilikuwa nimekusudia kwenda toka mwanzo, kusalimia; kila niendapo Kabambare nilikuwa napita, tunakaa, tunamtaja dada yake. Duniani hapakuwa na mtu mwingine wa kunisikia nikimtaja naye akajua ni nani. Ameshazeeka, kofia yake imezeeka pamoja naye. Aliponiona mlangoni hakuinuka.

"Karibu, mutunzi," akasema.

Nikasimama na salamu yangu mdomoni. Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kitabu kile kile. Alikuwa amekikunja kwenye mfuko wa nailoni, kama mtu anavyotunza karatasi za serikali. Mjukuu wake alikileta nyumbani kutoka shuleni, akamsomea kwa fahari.

"Hii alinisimulia nikiwa na surua," akasema. "Usiku kucha. Leo mujukuu wangu ananifundisha kwamba ni yako."

Nikajaribu kueleza. Telefone, kinu, sikuulizwa. Nilisikia mwenyewe jinsi yalivyokuwa maneno mepesi. Nikasema alinipa niisimulie kwa kila mtu.

"Alikupa usimulie. Hakukupa ujiandike." Akakifunga tena kwenye nailoni. "Miaka yote unakuja hapa tunakaa, nilisema, huyu ndiye aliyebaki naye. Sasa naona mulikuwa mukiishi wawili, mumoja akamumeza mwenzake."

Nilitoka bila kukaribishwa kiti. Njiani kurudi msibani watu waliniuliza kama nalia marehemu, nikasema ndiyo.

Nikampigia mjukuu wangu Kindu. Mtandao ulikatika mara mbili. Nilipomaliza akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia. Akataka kujua kama yule rafiki ameacha mtu. Kwa sababu, alisema, kama hadithi ni ya marehemu, basi ruhusa haikuwa yako kuitoa, bibi, wala yangu kuiandika. Haki ni ya ndugu zake. Jina nalibadilisha leo hii, hilo ni jambo dogo tu. Lakini huyo mzee akisema iondolewe, tutaiondoa. Na kwa waliokwisha kuichukua, akasema, hatuwezi kuwafuata nyumba kwa nyumba. Wengine hata hatuwajui. Nikamwuliza wako wangapi. Akasema hajui. Hilo liliniumiza kuliko nilivyoweza kumwonyesha kwa telefone. Kuna mahali, sijui wapi, mtu anamsimulia mtoto, na jina ni langu, na rafiki yangu hayupo hata mlangoni.

Ila nakala za Kabambare zilikuwa zinafuatika. Nikaenda shuleni. Direkta ni kijana mpole, aliogopa kidogo kuona "mtunzi" amekuja na kanga ya msiba kichwani. Nikamwomba vitabu vyote na biki. Akasema atawapa wanafunzi wafanye, nitachoka. Nikamwambia hapana. Nilikaa kwenye dawati la nyuma, magoti yanagonga mbao, nikafuta jina langu kwenye kimoja baada ya kingine, na juu yake nikaandika la kwake. Chini nikaandika jina langu dogo, na mbele yake: amesimulia. Ilinichukua asubuhi mbili. Kitabu cha kwanza nilikosea, nikaruka herufi, nikalazimika kuibana juu. Watoto waligeuka kunitazama badala ya ubao. Mmoja alinong'ona kwamba bibi amepewa adhabu. Hakuwa mbali na ukweli.

Kimoja kilikosekana. Kile cha kwenye nailoni.

Nikarudi dukani na biki na kitabu kimoja cha shule. Sikukaa. Nikamwambia yote aliyosema mjukuu wangu: kwamba aliye na haki ni yeye, kwamba akisema iondolewe itaondolewa, na kwamba nakala za shule nimezisahihisha. "Nimekuja kukuomba," nikasema. "Na kama hutaki, nimekuja kusikia."

Alichukua kile nilichosahihisha, akavaa miwani yake ya mguu mmoja, mwingine ni uzi. Akapitisha kidole juu ya jina la dada yake. 

"Uliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana. Herufi zako zimelewa." Akavua miwani. "Iache itembee. Alitaka itembee, huyo alikuwa mutu wa kupenda kujaziwa nyumba. Lakini kule mwanzo kabisa, kabla ya hadithi, waandike lile swali la dungu. Musomaji alikute. Asiingie bila kuuliza."

Nikasema nitamwambia mjukuu wangu leo leo. Na nilimwambia, na ndivyo ilivyo sasa. Mwenye kufungua anakutana na swali kwanza.

Kisha akasogeza gunia la chumvi kwa mguu, akalipiga kwa kiganja, nikae. Nikakaa. Nikakaa sawa. Nikanyamaza. Yeye akatazama nje kwenye barabara, kama mtu anayetafuta mteja, akauliza kwa sauti ya chini, "Umepewa na nani?"

Nikalitaja. Sikuwa nimelitaja kwa mtu aliyeniuliza kwa miaka mingi, likatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Nikamsimulia. Tulikuwa wazee wawili kwenye duka la sabuni na betri. Nilipofika penye kuita nikamwita yeye, akaitika nimefika, akasema ameleta chumvi, akapigapiga gunia nililokalia. Nikaita na wengine wa zamani, na yeye akawaitikia wote kwa sauti moja, kuni, maji, mawese, mpaka ua la hadithi likajaa. Chungu kikauliza tena, nani hajafika. Hapo ndipo ninapojitaja mimi. Nikafungua mdomo, haukutoa kitu.

Akalisema yeye. Jina la dada yake.

Tukangoja. Sijui tulikuwa tunangoja nini, wote tunajua amezikwa wapi. Lakini hadithi ndivyo ilivyo, aliyeitwa lazima aitike ndipo chungu kichemke, na hapakuwa na wa kuitika. Tulikaa hivyo hadi mwanamke mmoja akasimama mlangoni kuomba kipande cha sabuni, na yeye akainuka kumkatia.